Amisi Mlangoni

Usiku ule mama alikuwa amekunywa maji tu, tena kwa kijiko, tena kwa kuwa nilimshikilia kichwa. Mchana muuguzi alikuwa amekuja nyumbani. Alimbana ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akaniita pembeni akaniambia kwamba mama akiendelea kukataa chakula, mwili utaanza kujila wenyewe, na mwili wa umri ule haujili muda mrefu. Nilimfasiria mama yote. Sikupunguza. Mama akasema, "Ujile," akageukia ukuta.

Nililala chini kwenye godoro langu, karibu na kitanda chake, kama nilivyofanya tangu tulipomzika mdogo wangu Amisi. Mimi si mtu wa ndoto. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, nakata mabawa, na mtu anayekata mabawa kutwa akilala hulala kama gogo. Lakini usiku ule niliota. Naieleza ndoto hii kama ilivyokuwa, bila kuongeza, maana najua kuna waliokwisha kusikia kwa wengine kwamba Amisi alinitokea akasema hivi na vile. Hakusema mengi.

Ilianza kwa sauti ya mwiko. Anayejua kusonga ugali wa watu wengi anaijua sauti ile: mwiko unagonga ukingo wa sufuria, kisha kimya cha kugandamiza, kisha unagonga tena. Nikajua mama ameamka, ameingia jikoni. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Nikaifuata sauti. Jiko letu la hapa Amerika, lenye kabati nyeupe, lilikuwa limejaa moshi wa kuni, na aliyekuwa akisonga hakuwa mama. Alikuwa Amisi, tena mdogo, Amisi wa kambi ya wakimbizi, mwenye shingo nyembamba, amesimama juu ya kopo la mafuta ili aifikie sufuria.

Nikamwita. Akanijibu bila kugeuka.

"Yaya, bado haujaiva."

Kwetu, sisi tuliotoka upande wa Kongo wa ziwa, dada mkubwa haitwi kwa jina. Ni yaya. Na sauti ilikuwa ile ya zamani, kabla haijawa nzito, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau na sikujua kwamba nimeisahau.

Waliokuja kwenye maziko walimwona mtu aliyejaza jeneza la kuagiza, wakadhani alizaliwa hivyo. Kambini tulimwita Njiti. Upepo ukianza, watoto walimpigia kelele: "Njiti, shika mti! Njiti, mwambie mama yako akufunge jiwe mguuni!" Naye alikuwa anakimbia kweli, anaukumbatia mti kwa mikono na miguu, anafumba macho, mpaka wanaomcheka wanaanguka chini kwa kicheko. Mgao wetu ulikuwa mahindi na dengu za njano. Ulipopunguzwa, mama alituambia dengu zinamletea kiungulia. Ulipopunguzwa tena, mahindi nayo yakaanza kumletea kiungulia. Amisi alikula sehemu ya mama bila kujua. Mimi nilijua, nami nilikuwa na njaa, nikanyamaza.

Mle jikoni nikamwambia, "Shuka, utaungua." Anashuka kwenye kopo, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyokuwa mrefu. Mguu unapogusa sakafu, kichwa kinagusa taa. Mabega yanaziba dirisha. Na sakafu si sakafu tena, ni nyasi zenye theluji nyepesi juu yake, na sisi tupo nyuma ya shule, mahali basi lilipokwama.

Basi lile lilikwama kweli, mwaka wetu wa kwanza hapa. Matairi yalikuwa yanazunguka bure kwenye barafu, dereva akawaomba vijana washuke wasukume. Wakasukuma. Lilipotoka barafuni dereva akapiga kelele kwamba inatosha, wote wakaacha. Amisi hakuacha. Kiingereza kilikuwa hakijamkaa bado, hakujua ameambiwa nini. Aliendelea kusukuma peke yake, kichwa chini, na basi likaendelea kwenda, mpaka likavuka uwanja wote wa kuegesha magari na dereva akalazimika kukanyaga breki. Kocha wa mpira alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake cha kahawa. Amisi alipokuja kuwa mtu, hiyo ndiyo hadithi aliyopenda kuisimulia: "Wenzangu waliteuliwa kwa sababu walijua kucheza. Mimi niliteuliwa kwa sababu sikujua neno 'acha'."

Kocha alipanda ngazi hadi kwetu. Alikaa kwenye kochi letu la kupewa, magoti yakifika kifuani, akasema kijana ana mifupa mikubwa lakini haina nyama. Akaniomba nimwambie mama ajitahidi kumlisha. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mtu mzima amepanda ngazi zote hizi kuja kuniambia nimlishe mwanangu?" alisema. "Mwambie, Faida. Mwambie hiyo ndiyo kazi niliyoingoja maisha yangu yote."

Naye akaifanya. Alifua mashuka ya hoteli mchana, jioni akasonga. Ugali, maharage, samaki wakavu aliowatafuta mpaka kwa Wanigeria, mihogo, mchele, mayai kwa trei. Jina la Njiti likafa. Amisi alikua kama mtu anayelipiza kisasi.

Katika ndoto kocha yupo pale kwenye theluji na filimbi mdomoni, lakini hapigi. Vijana wamejipanga. Amisi yuko kwenye mstari wa mbele, ameinama, mkono mmoja ardhini. Mimi nimesimama nyuma yake. Naona mgongo wake tu.

Kazi ile nilichelewa kuielewa. Mpira wao una umbo la yai, hushikwa kwa mikono. Kuna mmoja anayeurusha, na huyo ndiye anayepigwa picha. Mbele yake husimama wanene watano, na kazi yao ni moja: wale wa upande wa pili wasimfikie. Hawaugusi mpira. Huinama, hutia mkono ardhini, hungoja, kisha hupokea kishindo kwa kifua chao. Na hawageuki. Amisi aliniambia hilo ndilo gumu kuliko kishindo chenyewe. Unamlinda mtu usiyemwona. Unamsikia tu nyuma yako, anapumua, anakanyaga. Ukigeuka kumtazama, umeshamuua.

Mara ya kwanza nilipompeleka mama uwanjani, aliangalia kwa muda mrefu, kisha akanigonga kwa kiwiko.

"Mbona hawampi mpira?"

"Si kazi yake, mama. Yeye anazuia. Wale wasimpige huyo wa nyuma."

"Na yeye, nani amesimama mbele yake?"

"Hakuna."

"Hakuna?" Akavuta shali yake. "Basi mchezo huu waliutunga watu wasio na watoto."

Theluji inaisha bila kuyeyuka. Nasikia vijiko. Tumo kwenye ukumbi wa kulia chakula wa chuo, ule aliotuonyesha tulipomtembelea, lakini meza haina mwisho, inapita ukutani na kuendelea. Amisi ameketi peke yake. Anakula na macho yamefumba. Anatafuna taratibu, kama mtu anayehesabu. Huko chuoni walimpima kila asubuhi, na uzito ukipungua walimwongezea sahani. Alinipigia simu akasema, "Yaya, hata usingizini nahisi natafuna." Likizo alipokuja nyumbani, mama alimwekea sinia, nikamwambia apumzike basi, si lazima. Akasema, "Kile cha kule ni kazi. Hiki cha mama nakula kwa kupenda." Mama alikuwa mlangoni, alisikia. Alitembea na neno lile wiki nzima kama amevaa nguo mpya. Sasa nikimkumbusha, ananiambia ninyamaze.

Nataka kumwambia Amisi aache kula. Nafungua mdomo, nakuta mdomoni tonge lisilo langu. Silimezi. Siwezi kulitema. Nasimama hivyo.

Kisha ni sebuleni kwetu na watu wamejaa, wote wamenipa migongo, wanatazama televisheni.

Siku hiyo nayo ilikuwepo. Ni siku ambayo timu za kulipwa huchagua vijana kutoka vyuoni, na majina huitwa moja moja mbele ya dunia. Mama alipikia kanisa zima. Watu wetu walikuja na watoto wao, wakakaa mpaka kwenye ngazi. Majina yaliitwa tangu mchana. Kila jina lilipoitwa na si la kwetu, kulikuwa na sauti ndogo chumbani, kama mtu anayekalia mto. Amisi aliketi kati ya mama na mimi, mikono katikati ya mapaja. Yaliisha. Hakuitwa. Mama Nyota, jirani yetu, alisema, "Aliyewaita hao hajui kusoma," watu wakacheka kwa huruma, wakaanza kubeba watoto wao. Chakula kilibaki. Baadaye simu ililia, timu moja ikasema aje ajaribu, bila ahadi. Akaenda bila ahadi. Akabaki. Msimu mzima alikaa benchi, msimu wa pili mwenzake akavunjika mguu, Amisi akasimama mahali pake.

Lakini kwenye ndoto televisheni haiiti majina ya vijana. Inaita majina ya watu wetu. Linaitwa jina la bibi yangu, aliyefia kambini, na mmoja wa wale wenye migongo anainuka, ni bibi, anatoka mlangoni bila kuvaa viatu. Linaitwa jina la baba. Baba alibaki njiani tulipokuwa tunakimbia. Tulimfukia kando ya barabara kwa jembe la kuazima. Anainuka, anajipangusa magoti, anatoka. Wanaitwa wengine, wanatoka. Hakuna anayelia. Kisha linaitwa jina la Amisi, na mama anapiga vigelegele.

Vigelegele vile navijua. Mtu wa kazi ya Amisi hatajwi jina uwanjani ila akikosea. Siku moja, katika uwanja mkubwa wa timu yake, taa kali juu yetu, alisogea kabla ya wakati, mwamuzi akasimamisha mchezo, na tangazo likapita uwanja mzima likitaja namba yake na jina lake. Mama akaruka kitini. "Wamemtaja! Wamemtaja mwanangu!" Akapiga vigelegele, virefu, vya harusi. Watu wakageuka wakatutazama. Mimi nilijua ni kosa. Sikumwambia, nikapiga vigelegele pamoja naye. Usiku ule Amisi alinipigia simu, anacheka mpaka anakohoa: "Yaya, maelfu wananizomea, halafu nasikia vigelegele. Nikajua ni mama tu duniani anayelishangilia kosa langu."

Ndotoni hacheki. Ameitwa, anatoka. Mama anapiga vigelegele, anavipiga, na vinageuka katikati vinakuwa kilio kile alichokitoa siku tulipopigiwa simu ya msiba.

Ilikuwa mazoezini, siku ya jua. Walisema aliinama kama kawaida, akatia mkono chini, filimbi ikapigwa, wenzake wakainuka, yeye hakuinuka. Daktari alituambia moyo ulikuwa umetanuka. Alitaja jua, alitaja uzito, alitaja kazi, alitaja damu ya ukoo. Yeye mwenyewe hakuchagua moja. Mama akachagua.

"Uzito," alisema. "Uzito ule niliupika mimi."

Watu walimwambia ni mpango wa Mungu. Mimi sikumwambia kitu, kwa sababu sijui. Hata leo sijui. Tangu tulipotoka makaburini hakushika mwiko; kwanza chakula alikionja tu, na theluji ilipoanza akakikataa kabisa.

Basi pale sebuleni nasikia televisheni ikiita tena. Inaita jina la mama yangu.

Mama anainuka. Ni mwepesi, kitenge kinamzunguka mara nyingi. Anafurahi. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli: tangu mazishi sikuwa nimemwona na uso ule. Anapita mbele yangu kama nisiyekuwepo, anatoka mlangoni, nami namfuata, na nje hakuna ngazi, hakuna mtaa. Kuna uwanja mtupu wenye mistari myeupe na jua kali. Katikati ya uwanja umesimama mlango wa mbao usio na nyumba, uko wazi. Ng'ambo ya mlango wamekaa kwenye mkeka, wanakula. Bibi. Baba. Na wengine ambao nyuso zao siwezi kuzishika. Sinia ni lile letu la kambini, lenye ukingo uliobonyea. Hawasemi. Mvuke unapanda. Baba anainua macho, anamwona mama anakuja, anasogea kidogo kando, kama mtu anayempisha mwenzake nafasi ya kuketi.

Bibi huyo huyo ndiye aliyetufundisha tukiwa wadogo: marehemu akikupa chakula ndotoni, usile, ukila, humalizi mwaka. Sasa bibi ameshika tonge, amelielekeza mlangoni. Nataka kupiga kelele. Tonge lile lisilo langu bado liko mdomoni mwangu.

Mama anakwenda. Anakaribia kukimbia.

Ndipo Amisi anapoingia mlangoni.

Ni mkubwa kama alivyokuwa siku ya mwisho. Amevaa nguo za mazoezi, zimelowa jasho. Vidole vyake vimezungushiwa plasta nyeupe, kama alivyovifunga sikuzote, maana vilikuwa vimevunjika na kupona vibaya, vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Anasimama katikati ya mlango. Anauziba wote, sinia halionekani tena. Kisha anainama, anatia mkono mmoja chini.

Miaka yote nilimwona mgongo. Safari hii amegeuka upande wetu. Namwona uso.

Mama anamfikia. Hasimami. Anamsukuma kwa mikono miwili, mikono ile ya kufua na kusonga, anamsukuma mwanawe kama unavyosukumwa mlango uliokwama. Na Amisi, ambaye nilimwona akiangusha watu wazito kama ng'ombe, hamsukumi. Amevifungua viganja vyake vikubwa, ameviweka mabegani kwa mama, anampokea. Anarudi nyuma hatua ndogo. Ndivyo wafanyavyo: wakizidiwa hawaachi, wanatoa ardhi kidogo kidogo. Nyayo zake zimechora mitaro kwenye nyasi, mingi, mipya na ya zamani. Naelewa kwamba si mara ya kwanza. Mama amekuwa akija hapa.

Kisigino chake kinagusa kizingiti.

"Mama," anasema. "Si huku."

Mama hasikii. Amefumba macho, anasukuma. Anasema, "Nipishe, mwanangu, nipishe, nimekuja kukulipa." Amisi anatikisa kichwa. Jasho linamdondokea mama usoni.

Tonge linanitoka mdomoni. Sijui ni namna gani. Naweza kusema, nami nauliza lile moja ninalotaka kujua kuliko yote. "Amisi, ni chakula? Ni chakula cha mama?"

Ananitazama. Namsubiri. Namsubiri mpaka jua linasogea. Hajibu. Sioni kama anajua, sioni kama anaficha. Ananitazama kama mtu mwenye mzigo mikononi anayeulizwa habari za jana.

Kisha anasema, polepole, na midomo yake imekauka, "Nimechoka, yaya."

"Nifanye nini?"

"Mwambie mama aache kusukuma."

Mama anasukuma. Kisigino kinapanda kizingiti. Namsikia Amisi akipumua, pumzi fupi, pumzi ile ambayo hakuna aliyeisikia siku ya jua, nami nanyoosha mkono kumshika mama kitenge, na kitenge kinabaki mkononi, kitupu.

Niliamka nimeshika ncha ya shuka la mama.

Dirisha lilikuwa la kijivu, theluji ya usiku imerundikana kwenye fremu. Nililala nikisikiliza. Mama alikuwa macho, pumzi ya mtu aliye macho inajulikana. Nikawaza la kumwambia. Ningeweza kusema Amisi amesema si chakula. Ningeweza kusema amependeza, amevaa nyeupe, ameketi na baba, anatusalimu. Wengi husema hivyo, na siwalaumu. Maneno hayo yalinijia yote, yamepangwa vizuri, yako tayari. Lakini hakusema hivyo. Na mtu ambaye hakuwahi kutajwa ila kwa kosa, angalau maneno yake mawili matatu yafike yalivyo.

"Mama," nikasema. "Nimemwota Amisi."

Hakugeuka. "Amekonda?"

"Hapana. Ni yule yule."

"Amekula?"

"Sikumwona akila. Baba na bibi walikuwa wanakula. Yeye amesimama mlangoni. Anazuia."

"Anamzuia nani?"

"Wewe."

Kitanda kikalia kidogo. Nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, sinia, nafasi aliyosogezewa, mitaro kwenye nyasi, kisigino. Nilimwambia pia niliuliza habari za chakula, na kwamba hakunijibu. Hapo alivuta pumzi kama aliyechomwa, nikajua ndilo alilokuwa akilisubiri. Sikuwa nalo la kumpa.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema amechoka. Alisema nikuambie uache kusukuma."

Nilidhani atalia. Hakulia. Gari la kusukuma theluji lilipita barabarani na kuondoka. Kisha akasema, kwa sauti ya hasira, hasira ya mama sokoni aliyepunjwa, "Hata huko."

"Mama."

"Hata huko bado wanamfanyisha kazi. Mtoto amekufa, bado amesimama. Hakuna hata mmoja wa kumwambia keti?"

"Si wao, mama," nikasema. "Ni wewe unayekwenda."

Alijigeuza, polepole, kwanza bega, kisha kiuno, akanitazama. Macho yalikuwa yameingia ndani, yamekauka, hayakuwa na faraja yoyote, na sitaki mtu adhani niliiona faraja pale. Alitazama mikono yake juu ya blanketi, upande huu, upande ule, kana kwamba ameikuta ikifanya jambo.

"Bandika maji," akasema.

Nilipika uji mwepesi. Mwiko ulikuwa umekauka na kupasuka kichwani kwa kukaa bila kazi. Nilimwinua, nikamweka mto mgongoni, akakataa nimlishe, akashika bakuli mwenyewe. Alikula kama mtu anavyomeza dawa chungu, kijiko, kisha anangoja, kisha kijiko. Uji ulimtoka pembeni ya mdomo na machozi yakawa yanashuka humo humo, naye anameza vyote pamoja. Hakusema ni mtamu. Hakusema ameshiba. Kati ya vijiko alikuwa akitazama mlango wa chumba.

Alipofika nusu alinirudishia bakuli.

"Inatosha kwa sasa," alisema. "Mwache aketi kidogo."